Anwani ya IP Ije Mwisho: Kupanga Draiva ya Ithaneti kwenye QNX

Bodi imewaka. Kwenye terminali unaona alama ya # ikikusubiri. Kebo ya mtandao umeichomeka kwenye ruta, unapiga ping, kimya. Hapo wengi huanza kubadili anwani ya IP. Wakishindwa wanabadili netimaski, wakishindwa tena wanazima na kuwasha, na mwisho wanakwenda kununua kebo nyingine. Huko ni kupiga ramli. Mwongozo huu ni wako wewe uliye Toronto au mji wa jirani, unayesomea ufundi wa kompyuta au uliyekabidhiwa mashine kazini, na unataka kujua tatizo liko wapi kabla hujagusa chochote. Anwani tutaifikia, lakini baada ya kadi, draiva, kebo na pakiti kutoa ushahidi wao kwa zamu.

Mfumo endeshi tutakaoutumia ni QNX, na nimeuchagua kwa sababu ni wa hapa hapa Ontario. Waliouanzisha mwaka 1980 ni vijana wawili waliosoma Chuo Kikuu cha Waterloo, Dan Dodge na Gordon Bell. (Bell huyu si yule mhandisi maarufu wa DEC, watu huwachanganya kila siku.) Kampuni yao ilifanya makao Kanata, pembeni mwa Ottawa. Harman waliinunua mwaka 2004, na mwaka 2010 ikaingia mikononi mwa Research In Motion ya Waterloo, ambayo leo tunaiita BlackBerry. Wengi waliosoma shule za Ontario miaka ya 1980 waliutumia bila kuujua, kwa kuwa kompyuta za ICON zilizowekwa madarasani ziliendeshwa na QNX, tena zikiwa zimeunganishwa kwa mtandao na seva yao. Siku hizi uko ndani ya magari, mashine za hospitali na mitambo ya viwandani. BlackBerry wenyewe huhesabu magari zaidi ya milioni 250.

Zamani ilikuwa vigumu kujifunzia nyumbani kwa sababu ya leseni. Tangu mwishoni mwa 2024 toleo la 8.0 hutolewa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara: unafungua akaunti ya myQNX, unaomba leseni, unashusha. Ila usilichukue toleo hilo la bure ukalipeleka kwenye mashine ya mwajiri. Huko kuna leseni yake.

Vifaa, na umeme wa baridi

Unaweza kujifunzia kwenye vitu vitatu: kompyuta pepe ndani ya QEMU, bodi ya Raspberry Pi 4, au kompyuta ndogo ya mitumba iliyotoka ofisini. Mimi napendelea hiyo ya mitumba, mradi ina kadi ya mtandao ya Intel. Draiva zake ni za muda mrefu, zimeandikwa vizuri, na zikikwama zinaeleza kwa nini. Ukienda kwenye maduka ya Mtaa wa College karibu na Spadina, au ukinunua kwa mtu, uliza namba ya chipu ya mtandao kabla hujatoa pesa. Uliza pia kama prosesa ni ya biti 64, maana QNX 8.0 haiendi kwenye prosesa za biti 32 hata uifanyeje.

Kitu ambacho hupaswi kukosa ni kebo ya seriali. Ukiipanga bodi kwa ssh, unakata tawi ulilokalia: ukisimamisha mtandao, na wewe umekatika. Kwa seriali, weka kasi ya 115200, biti 8, bila pariti, biti moja ya kusimama. Kwa Raspberry Pi hakikisha kebo yako ni ya volti 3.3. Ile ya volti 5 inaweza kuua pini, na hapo hakuna amri itakayokusaidia.

Jambo moja ambalo fundi aliyejifunzia Mombasa au Dar hakulizoea ni umeme tuli. Kuanzia Desemba mpaka Machi hewa ya ndani Toronto hukauka kwa sababu ya hita. Unavua sweta, unagusa kitasa cha mlango, unapigwa cheche. Cheche hiyo hiyo ikipita kwenye tundu la mtandao au kwenye pini za bodi, inaweza kuichosha chipu bila kuiua kabisa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu leo inafanya kazi na kesho inapoteza pakiti. Vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi. Kama huna, gusa kwanza chuma kitupu cha kasha la kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme wa ukutani, halafu ndipo ushike bodi, tena kwa kingo zake.

Draiva inaishi wapi

Katika Linux, draiva ya mtandao huishi ndani ya keneli. Ikianguka vibaya, mashine nzima inaweza kuanguka nayo. Keneli ya QNX ni ndogo mno. Inapanga zamu za prosesa, inapitisha ujumbe na inapokea miito ya vifaa, na mengi yaliyobaki yako nje. Staki ya mtandao ni mchakato wa kawaida tu, kama programu nyingine yoyote, na draiva ni faili lenye mwisho wa .so ambalo mchakato huo hulipakia. Maana yake kwako ni kubwa: unaweza kuiua staki, kubadili chaguo moja na kuiwasha upya ndani ya sekunde chache, bila kuzima bodi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kubadili mambo matatu kwa mpigo. Badili moja, angalia.

Staki yenyewe imepita vizazi vitatu, na ukivichanganya utapoteza siku nzima. Cha kwanza ni io-net, cha QNX 6.0 mpaka 6.3, ambacho draiva zake huanza na devn-. Kuanzia 6.4 ikaja io-pkt, iliyojengwa juu ya staki ya NetBSD, na draiva zake huanza na devnp-. Kisha io-sock, iliyotokana na FreeBSD, ikaingia wakati wa 7.1, na draiva zake huanza na devs-. Katika 8.0 imebaki io-sock peke yake. Draiva ya kizazi kimoja haipandi kwenye kizazi kingine. Palikuwa na daraja moja tu, devnp-shim.so, la kuzibebea draiva za io-net ndani ya io-pkt. Ukimkuta mtu anakupa faili la devnp- ukiwa na 8.0, mshukuru na uliache hapo.

Ijue kadi kwa namba

Jina lililochapishwa kwenye boksi halikusaidii. Draiva huitambua kadi kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa. Kwenye kompyuta yenye basi la PCI, andika:

pci-tool -v

Itakuorodheshea vifaa vyote. Tafuta kilicho kwenye kundi la vifaa vya mtandao, uandike namba zake kwenye karatasi. Mtengenezaji 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Kadi ya Intel 82574L, ambayo utaikuta kwenye bodi nyingi za viwandani, ina namba ya kifaa 10d3. Ile inayoigizwa na QEMU ukichagua e1000 ni 82540EM, namba 100e. Realtek 8168 imejaa kwenye kompyuta ndogo za bei nafuu. Kwenye QNX za zamani, kabla ya 7.0, kazi hii hufanywa na amri ya pci yenye -vvv.

Kama pci-tool haikuonyeshi kitu, usiende mbele. Ama pci-server, programu inayosimamia basi hilo, haijawashwa, ama imewashwa bila kuambiwa itumie moduli gani ya maunzi, jambo ambalo hupangwa kwa kigezo cha mazingira kiitwacho PCI_HW_MODULE. Draiva ya mtandao haiwezi kupata kadi ambayo basi lenyewe halijaiona.

Raspberry Pi 4 ni habari nyingine. Kidhibiti chake cha Ithaneti, kiitwacho GENET, kimo ndani ya chipu kuu ya BCM2711, kwa hiyo hukipati kwa pci-tool. Draiva hukitafuta kwenye mti wa vifaa, lile faili linalosimulia bodi ina nini na kiko wapi. Ukitumia picha ya mfumo iliyotengenezwa tayari kwa ajili ya Pi, mambo hayo yameshapangwa. Angalia tu jinsi io-sock ilivyoitwa, kwa amri ya pidin ar, uinakili.

Iwashe kwa mkono

Usikimbilie hati ya kuwashia. Kwanza simamisha staki iliyopo kama ipo, halafu iwashe mwenyewe ukiwa kwenye seriali:

slay io-sock
io-sock -m pci -d em

Hapo -m pci inapakia moduli inayojua kuongea na basi la PCI, na -d em inapakia devs-em.so, draiva ya kadi za Intel za gigabiti. Kwenye mashine ya io-pkt amri ingekuwa io-pkt-v6-hc -d e1000, na kiolesura kingejitokeza kwa jina la wm0. Kwenye io-sock kitaitwa em0. Kiulize:

ifconfig em0

Kikionekana, draiva imeikubali kadi. Kisipoonekana, soma slog2info kabla hujafanya lolote, maana io-sock huandika malalamiko yake humo. Mara nyingi utakuta kimoja kati ya mambo mawili. La kwanza, na ndilo linalowapata wengi, ni kwamba faili la draiva halimo kabisa kwenye picha ya bodi. QNX haiweki kitu ambacho hukukiagiza: mkifs hujenga picha kwa kufuata faili la ujenzi, na kama hukuandika devs-em.so na mods-pci.so humo, hazipo. Angalia kwa ls ndani ya /proc/boot na ndani ya /lib/dll. La pili ni namba ya kifaa ambayo draiva haiijui. Hapo kuwashawasha hakusaidii, inabidi upate draiva mpya zaidi au kadi nyingine.

Ipo amri moja ndogo ambayo wageni wa QNX huikosa, nayo ni use. Ukiandika use ikifuatiwa na jina la faili, hata la .so, inakutolea maelezo yaliyofichwa ndani ya faili lenyewe, yaani chaguo zake zote. Kwa io-pkt, andika use devnp-e1000.so nawe utaona speed, duplex, mac, verbose na nyinginezo. Maelezo hayo ni ya toleo hasa ulilonalo mkononi, kwa hiyo yaamini kuliko kitabu.

Taa, kebo na kasi

Inua kiolesura:

ifconfig em0 up

Kisha kiulize tena, na safari hii soma mistari miwili. Mmoja huanza na media, mwingine na status. Ukikuta status: active, kebo imeshika na pande mbili zimeelewana. Ukikuta no carrier, upande wa pili hausikiki. Tazama tundu lenyewe: taa moja ikiwaka bila kupepesa na nyingine ikipepesa, ndivyo inavyotakiwa. Taa zikiwa zimezima, badili tundu la ruta kwanza, kebo baadaye.

Mstari wa media unasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Kama kadi ni ya gigabiti, swichi ni ya gigabiti, na wewe unaona 100baseTX, ishuku kebo. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu za nyaya, lakini gigabiti inazitaka zote nne. Kebo yenye waya mmoja uliokatika kwenye pini ya 4, 5, 7 au 8 itafanya kazi kwa 100 bila aibu, na hutajua mpaka upime kasi. Kwenye majengo ya zamani ya jiji hili, ambako nyaya za ukutani ziliwekwa kwa ajili ya simu kisha zikageuzwa za mtandao, hilo si jambo la ajabu.

Sasa tufike kwenye ugonjwa unaosumbua viwandani. Swichi ya kiwandani imewekwa kwa mkono iwe 100 na dupleksi kamili, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Bodi yako imeachwa ijielewane yenyewe. Kwa kuwa swichi haizungumzi lugha ya maelewano, bodi inaweza kutambua kasi kwa kusikiliza tu, lakini dupleksi haiwezi kuitambua, na kanuni inaiambia ichukue nusu dupleksi. Basi upande mmoja unatuma huku unapokea, na mwingine unadhani huo ni mgongano. Ping inajibu vizuri kwa sababu pakiti ni ndogo na chache. Ukituma faili, linatambaa. Mtu atakuambia mtandao ni mzima kwa sababu ping inajibu. Usimwamini.

Dawa ni pande zote mbili zifanane. Ama swichi irudishwe kwenye maelewano, ama na bodi nayo ilazimishwe:

ifconfig em0 media 100baseTX mediaopt full-duplex

Kwenye io-pkt unaandika wakati wa kuwasha: -d e1000 speed=100,duplex=1. Lakini usijaribu kuzima maelewano kwenye gigabiti ya kebo ya shaba. Kiwango chenyewe kinayahitaji, kwa sababu pande mbili lazima zikubaliane nani atashika saa.

Pakiti zinapita kweli?

Taa kuwaka si ushahidi kwamba data inapita. Taa inasema chipu ya nje, ile inayoshika kebo, imeelewana na mwenzake wa upande wa pili. Bado kuna safari fupi ndani ya bodi, kutoka chipu hiyo, iitwayo PHY, mpaka kidhibiti kilicho karibu na prosesa, kiitwacho MAC. Sentimita chache tu, lakini ndipo bodi mpya hufia.

Soma kaunta:

netstat -in

Kwenye io-pkt tumia nicinfo wm0, inatoa zaidi. Kisha ping kitu chochote, hata kisichokuwepo, usome tena. Kama idadi ya zilizotumwa inapanda na ya zilizopokelewa imekwama sifuri, jiulize kama upande wa pili unazipata. Chomeka laptopu moja kwa moja kwenye bodi kwa kebo ya kawaida, maana kadi za kisasa hugeuza nyaya zenyewe, uwashe tcpdump au Wireshark kwenye laptopu. Ukiona maombi ya ARP kutoka kwa bodi yanafika salama, njia ya kutoka ni nzima na ya kuingia ndiyo mbovu.

Hapo shuku ucheleweshaji wa saa. Bodi nyingi huunganisha PHY na MAC kwa njia iitwayo RGMII. Kwenye gigabiti, saa yake hupiga mara milioni 125 kwa sekunde, na data husomwa saa inapopanda na inaposhuka, kwa hiyo kila kipande kina nanosekunde 4 tu. Ili kisomwe katikati yake, saa inabidi icheleweshwe karibu nanosekunde 2. Ni kama mafundi wa ujenzi wanaorushiana matofali kutoka chini kwenda juu ya jukwaa: mikono ya wa juu ikifunga mapema au ikichelewa, tofali linaanguka ingawa mrushaji hakukosea. Ucheleweshaji huo unaweza kufanywa na PHY, na MAC, au na urefu wa njia za shaba kwenye bodi. Ukifanywa na wawili, umezidi. Usipofanywa na yeyote, haupo. Katika mti wa vifaa utaona phy-mode. Ikiwa rgmii-id, PHY ndiyo inayochelewesha pande zote mbili. Ikiwa rgmii tupu, PHY haiongezi kitu.

Kuna jaribio la dakika moja litakalokuonyesha kama tatizo ni hilo. Lazimisha kasi ya 100. Kwa kasi hiyo saa hushuka hadi milioni 25 na nafasi ya kukosea inakuwa pana. Ikiwa 100 inapitisha kila kitu na 1000 haipitishi chochote, au inapitisha kwa makosa ya CRC yanayopanda kila unaposoma kaunta, achana na draiva, achana na kebo, nenda kwenye phy-mode. Jaribio hili ningemfundisha mtu kabla ya kumfundisha ping.

Jambo la mwisho kabla ya anwani ya IP ni anwani ya kadi yenyewe. Bodi za majaribio wakati mwingine hutoka kiwandani na kumbukumbu tupu, ukaona 00:00:00:00:00:00, nayo haifai. Ipe moja inayoanza na 02, kwa kuwa tarakimu hizo zinaonyesha kwamba anwani imepangwa na mtu wa hapo hapo, si na mtengenezaji:

ifconfig em0 ether 02:00:00:00:00:11

Ukiwa na QEMU, anwani ya kawaida ni 52:54:00:12:34:56. Ukiwasha kompyuta pepe mbili kwenye mtandao mmoja bila kuibadili, zote zitakuwa na anwani hiyo hiyo, nazo zitanyang'anyana pakiti mchana kutwa.

Sasa anwani

Hii ndiyo sehemu fupi. Kama ruta inagawa anwani, kwenye 8.0 andika dhcpcd em0. Kwenye QNX za zamani ni dhcp.client -i wm0. Kama unataka anwani ya kudumu, jua kwanza ruta yako inajiitaje. Hapa Toronto, ruta za nyumbani za Bell kwa kawaida hukaa 192.168.2.1, za Rogers 10.0.0.1. Ukiipeleka bodi kwa ndugu aliye nyumbani Afrika Mashariki, modemu ndogo za Huawei zinazotumia laini ya simu hukaa 192.168.8.1, na hati uliyoiandikia Toronto haitafanya kazi hata kidogo. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, uone ni anwani zipi haizigawi, uchague mojawapo. Kwa Bell, kwa mfano:

ifconfig em0 192.168.2.50 netmask 255.255.255.0
route add default 192.168.2.1

Piga ping kwa ruta. Ikijibu, piga kwa 149.112.121.10, seva ya majina ya CIRA, shirika linalosimamia majina yanayoishia na .ca. Ikijibu na hiyo, ndipo ujaribu jina. Jina likigoma wakati namba inajibu, kilichobaki ni /etc/resolv.conf peke yake. Ndani yake andika nameserver ikifuatiwa na anwani hiyo. Bodi nyingi za QNX huendeshwa kutoka kwenye picha isiyoandikika, kwa hiyo ukikataliwa kuandika usishangae. Kwenye faili la ujenzi weka kiungo kitakachoipeleka /etc/resolv.conf ndani ya /tmp, na /tmp ndani ya /dev/shmem, ambayo ni kumbukumbu ya muda.

Iingize kwenye picha, kisha iue

Kila kitu kikishafanya kazi kwa mkono, hamishia amri zile zile kwenye sehemu ya hati ya faili la ujenzi, kwa mpangilio ule ule, pci-server ikitangulia. Kati ya io-sock na ifconfig weka mstari huu:

if_up -p em0

Huo unaisubirisha hati mpaka kiolesura kiwepo. Bila huo, ifconfig inaweza kukimbia kabla draiva haijamaliza kuiandaa kadi, ukapata bodi inayounganika asubuhi na kugoma jioni. Kuna na -l, inayosubiri kebo ishike. Mimi siiweki kwenye hati ya kuwashia, kwa sababu mashine ya kiwandani haipaswi kukataa kuwaka eti kwa kuwa mtu amechomoa kebo. Usisahau kuorodhesha mafaili yenyewe: io-sock, mods-pci.so, devs-em.so, libsocket.so, ifconfig, if_up, route, na slog2info. Hiyo ya mwisho wengi huiondoa ili kupunguza ukubwa wa picha, na siku ya shida wanaitafuta.

Kisha ijaribu kwa ukatili. Chomoa kebo ukiwa unatuma faili, hesabu mpaka thelathini, irudishe. Zima ruta, iwashe. Mwisho iue staki kwa slay io-sock ukiwa kwenye seriali, uiwashe upya. Keneli haitatikisika, ndiyo raha ya mfumo huu. Lakini programu zilizokuwa zimeshika soketi zitakuwa zimeshika hewa, na zile ambazo hazikuandikwa zifungue upya zitakaa kimya bila kulalamika. Mwonyeshe mwandishi wa programu hiyo mapema, kabla mashine haijaondoka mezani.

Ukikabidhiwa mashine ya zamani

Kuna uwezekano mkubwa kazini ukakutana na io-pkt na si io-sock, kwa sababu mitambo iliyofungwa zamani haibadilishwi mfumo bila sababu. Hatua ni zile zile, majina ndiyo yanayobadilika. Hapo una raha ya nicinfo, na unaweza kuongeza draiva kwenye staki inayoendelea kukimbia bila kuiua:

mount -T io-pkt /lib/dll/devnp-e1000.so

Ukija kuihamishia mashine hiyo kwenye io-sock, draiva ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni hati zilizozagaa: wm0 imeandikwa kwenye hati ya kuwashia, kwenye kanuni za ukuta wa moto, kwenye programu ya mtu aliyeacha kazi miaka mingi, na kwenye ile hati ya usiku inayosoma nicinfo, amri ambayo io-sock haina. Kabla hujabadili chochote, tafuta kwa grep neno wm0, neno nicinfo, neno dhcp.client na neno io-pkt kwenye diski nzima, uandike kila faili linalojitokeza. Orodha hiyo mpe msimamizi wako kabla hajakuuliza kazi itachukua siku ngapi.